Nilisema naenda kuomba, kumbe nimekodi nyumba ya ziwani

Mi ni mwanamke wa miaka 36, nimeolewa, nina watoto watatu, nakaa hapa Bujumbura na nafanya kazi ya biro, ofisini. Admin, jina langu ulifiche vizuri, sababu mama mukwe hana simu kubwa lakini wajukuu wake wanamusomea kila kitu. Naandika na haya usoni. Nimefanya ujinga, na ujinga huo sasa unaweza kuua mutu.

Kwetu nyumba haina siku ya kupumzika. Mama mukwe tunakaa naye, wadogo wawili wa mume wangu wanasoma chuo wako kwetu, na kila wikendi wageni. Nikitoka kazini naingia jikoni na viatu vya kazi. Sisemi wananitesa, apana, wananipenda sana. Lakini nilichoka jamani. Siku moja nililia sababu mutu ameuliza chumvi iko wapi.

Mwenzangu wa kazini akanionyesha picha za vinyumba vya mbao huko Kajaga, karibu na maji kabisa, vya kukodi. Roho yangu ikaenda. Nilitaka siku tatu tu, peke yangu, nilale. Sasa nitaaga vipi? Mwanamke ameolewa anakodi nyumba ziwani peke yake, nani ataamini? Hata mi ningesikia hivyo juu ya mwingine, ningesema ana mwanaume. Basi nikasema naenda retreti, siku tatu za kufunga na kuomba, simu tunazima. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Mume wangu alinibebea mukoba mpaka kwa teksi.

Nilisahau kitu kimoja: kwetu mutu akienda kuomba, nyumba nzima inamutuma. Kila mutu aliniandikia haja zake kwenye karatasi. Wifi yangu, dada ya mume wangu, alikuja mbio kutoka Kanyosha na karatasi yake ameikunja kunja. Ana miaka nane kwenye ndoa, hajapata mutoto. Ana uvimbe tumboni, kila mwezi anatoka damu mpaka anaanguka. Munganga wa hospitali alishamuambia lazima apasuliwe, kukawia ni hatari. Aliogopa kisu miaka miwili, na mi mwenyewe ndiye nilimubembeleza mpaka akakubali. Rendevu ya kupasuliwa ilikuwa Ijumaa hii. Akanishika mikono miwili: "Mama Keza, weye Mungu anakusikia. Usinisahau."

Niliziweka zote kwenye mukoba. Wallahi nilisema nitaomba hata kidogo. (Mi ni mukristo, hilo neno tumelizoea tu mutaani.)

Kule Kajaga kijana wa reseption akaniuliza, "Monsieur anafika saa ngapi?" Nikamuambia hakuna monsieur, hakuna bwana, niko peke yangu. Akaniangalia, halafu akaleta taulo mbili na sahani mbili hata hivyo. Ndugu zangu, nililala mpaka saa nne asubuhi! Nilikula samaki mukeke wa kuchoma na mikono, peke yangu, mpaka kichwa, hakuna mutu aliyeniomba kipande. Niliogelea kama mutoto. Mulinzi alinikataza tu kutembea ufukoni jioni sababu ya viboko. Kuomba? Hata kabla ya kula nilisahau. Siku ya kurudi nilisukuma nguo mbichi kwenye mukoba, na zile karatasi zikalowa zote. Ya wifi ilikuwa haisomeki tena. Sikuwahi kuifungua.

Jumapili nafika nyumbani, nawakuta wote saloni wananingoja. Mama mukwe akapiga makofi: "Muangalieni huyu uso! Unang'aa! Huyu alikuwa na Mungu." Ulikuwa usingizi na jua, jamani. Wifi akaja akapiga magoti mbele yangu. "Sema, Mama Keza. Alikuambia nini?" Mume wangu naye akaanza kuuliza ni pastori gani aliongoza, tulilala wapi. Nikaona nitashikwa. Ili wanyamaze, nikasema, "Amesikia. Utapata mutoto."

Vigelegele hivyo! Wifi alilia mpaka akanilowesha bega. Na mi nililia. Wao walizani ni Roho.

Jumatatu wifi akapiga simu hospitali, akafuta operasyo. "Kisu cha nini tena, na Mungu amekwisha sema?" Nilimukimbilia Kanyosha nikamuambia, wifi yangu, hata Mungu anatumia waganga wa hospitali, nenda tu. Akacheka. "Unanipima imani, weye?" Nikazidi kusema, akakasirika kweli: "Ulisikia sauti yake mwenyewe, sasa ndio unaogopa kuliko mi?" Niliteremka pale nikitamani ardhi inimeze.

Nikisema ukweli, swali la kwanza la mume wangu litakuwa, ulikuwa na nani? Nikijibu peke yangu, akienda kuuliza Kajaga, yule kijana wa reseption atasema tu kwamba alipeleka sahani mbili. Ndoa yangu ya miaka kumi na mbili itaishia hapo, na mama mukwe hataniita tena mutoto wake. Nikinyamaza, wifi yangu yuko nyumbani na ule uvimbe, anahesabu siku na anachagua majina. Kuna saa najiambia, pengine Mungu atamupa kweli, nitapona. Naona haya kuandika hata hilo, sababu nawaza kupona kwangu mbele ya kupona kwake.

Leo mchana amenipigia simu, sauti ya furaha. Ile Ijumaa ambayo angekuwa kitandani kwa munganga, anataka nimupeleke pale pale nilipomuombea. "Unionyeshe uliponipigia magoti, na mi nipige hapo hapo." Nimemujibu sawa.

Nawaomba munishauri, nianzie wapi, kwa mume wangu ama kwake? Mutukane mutakavyo, ni haki yangu. Ila munijibu mbele ya Ijumaa.