Kitambaa Kikishakatwa

Wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu, ni fundi cherehani. Siku daktari alipomwambia ugonjwa umeshaenea na haponi, alirudi nyumbani, akavua viatu, akaketi kwenye cherehani yake sebuleni. Mimi nilisali huku nalia. Yeye akatia uzi sindanoni.

Habari zina miguu. Kesho yake wateja wakaanza kuja, sauti za msibani.

"Pole, mama. Nimefuata kile kitambaa changu. Harusi ya binti tumeiahirisha."

"Mmeahirisha, na kadi umeniletea juzi?" Akampa kitambaa chake. Mwingine akadai shangazi yake kamnunulia gauni jipya. Wa tatu, jirani yetu, hakujisumbua hata kutunga uongo.

"Nipe kitambaa changu, usije ukaondoka nacho, fundi!" akasema, akacheka peke yake.

"Rudi kesho," wifi akamjibu, akafunga mlango. "Wifi, nipe mkasi. Ule mkubwa."

"Pumzika kwanza, jamani."

"Kupumzika kunanisubiri, wala hakuna haraka. Mkasi!"

Akatandaza vitambaa vyote vilivyobaki, akapiga chaki, akakata. Cha jirani ndicho alichoanza nacho. Magauni, suruali, sare za shule, vyote. Hapo nikamwelewa. Kitambaa kikishakatwa na fundi mmoja, mwingine hakigusi. Hajui mwenzake aliwaza nini. Hapakuwa tena na mteja wa kumkimbia.

"Na Mwenyezi Mungu akikuita katikati ya kazi?" nikamuuliza.

"Anajua nilipo. Atanikuta na futi ya kupimia shingoni."

Wateja walikuja juu. "Mje kujaribisha Ijumaa," akawaambia, basi. Wakaja. Miguu ilipomwishia nguvu, alielekeza kitambaa kwa vidole, mimi nikizungusha gurudumu kwa mkono.

"Polepole, wifi! Unashona au unasaga unga?"

Sare zikavaliwa, suruali zikachukuliwa. La mwisho likawa gauni la jirani. Alilivaa chumbani kwa wifi, akageuka mbele ya kioo, akageuka tena. Kisha akatoa kitambaa kingine mkobani.

Wifi, ambaye siku hizo alikuwa hatoki kitandani, alimtazama. "Huogopi nitaondoka nacho?"

Jirani alikitandaza mwenyewe juu ya kitanda, akakinyoosha mikunjo kwa kiganja. "Nataka kikatwe leo, fundi. Mbele yangu."

Wifi akanigeukia.

"Sasa wewe umesimama unangoja nini? Lete mkasi."