Gari la Binti Mrisho

Madereva wa malori pale Kibaigwa humwita Mrisho "Suka", yaani dereva hasa, naye hajifanyi kulichukia jina hilo. Ukoo wake ni wa Waislamu wa Dodoma mjini, watu ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara, wakaona pamewafaa, wakafungua maduka. Ndugu zake wote ni watu wa maduka. Yeye peke yake kukaa nyuma ya kaunta kulimshinda, akaenda kuwa utingo kwenye lori la mahindi, na kutoka hapo akashika usukani, hajauachia hadi leo. Hajawahi kugonga hata mbuzi. Hilo atakuambia kabla hujaketi.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anasikia kwamba binti yake Yusra, mhandisi aliyesomeshwa kwa jasho la safari zile za mahindi, anatengeneza gari linalojiendesha lenyewe. Wenzake walimtania akakosa pa kuficha uso. "Suka, mwanao kakutafutia kustaafu!" Alicheka nao, lakini moyoni lilimchoma. Aliona mtoto amekaa darasani miaka yote ile ili aje kusema kwamba kazi ya baba yake haihitaji mtu.

Yusra na wenzake walikuwa wamelijaribu gari lao ndani ya viwanja vya chuo, sasa wakataka kulitoa barabarani, kati ya Dodoma na Kibaigwa. Vibali wamekwisha kupata. Walibaki madereva wenyewe, maana gari likichukiwa na watu wa malori, barabara ile halifiki mbali. Chama cha madereva kikaamua: mwenyekiti apande, aone, aje atuambie, akisema hapana, ni hapana, akisema ndiyo, tupige kura. Mwenyekiti ndiye huyo huyo Mrisho. Kazi yote ya binti yake ikawa imeangukia mkononi mwake, na yeye, kusema kweli, alikuwa ameshaamua kusema hapana.

"Shikamoo, baba," Yusra alimpokea asubuhi ya safari, nje ya chuo.

"Marahaba. Dereva yuko wapi?"

"Leo hatuna."

"Basi mna wazimu."

Akapanda mbele, kushoto. Kwenye kiti cha dereva alikaa Erick, mhandisi mwenzake Yusra, mikono magotini, tayari kushika usukani likitokea la kutokea. Yusra akakaa nyuma na kompyuta yake. Gari likaondoka. Likapunguza kwenye matuta, likangoja kundi la ng'ombe livuke mpaka ndama wa mwisho. Mrisho alitafuta kosa, akalikosa, akanuna. Alichopata kusema ni kwamba linatembea kama bibi harusi.

Walipoipita Mbande wakalikuta lori la mahindi limelemewa, linapanda kilima kwa kunguruma. Barabara ile ina adabu yake. Dereva wa lori anayeona mbele akikuwashia indiketa ya kulia, tulia nyuma, kuna kinachokuja. Akikuwashia ya kushoto, njia nyeupe, pita, na ukishapita mpigie honi ya shukrani. Halimo katika kitabu chochote cha sheria, ni heshima ya watu wa kazi moja, na Mrisho ameishi nayo maisha yake yote.

Lori likawasha kushoto. Gari halikupita.

"Pita," Mrisho akaliambia. Lori likawasha tena. "Mwenzako amekupa njia, pita! Yusra, gari lako halina adabu!"

"Limeiona indiketa, baba. Lakini halipiti mpaka lijionee lenyewe."

"Yule yuko juu, anaona mbali kuliko hivyo vikamera vyenu. Erick, shika usukani. Pita!"

Erick amelelewa akaleleka. Mzee akiagiza, mkono unakwenda wenyewe. Vidole vyake vikagusa usukani.

"Erick, liache!" Yusra alipaza sauti. "Samahani, baba. Hapana."

Mrisho aligeuka amfokee, asipate nafasi. Mbele pale barabara huzama kwenye kibonde, na ndani ya kibonde ikachomoza pikipiki, imekuja kasi, kwenye upande ule ule ambao wao wangekuwa wanapitia. Nyuma ya dereva wake alikaa mama, mtoto mgongoni. Wakapita ubavuni mwao, mama akiwa anazungumza kwa simu, hana habari.

Dereva wa lori hakuwa na ubaya. Kibonde kilimficha. Mrisho alijua kwamba na yeye, angekuwa juu kule, angewasha kushoto bila wasiwasi wowote. Gari likangoja, likajionea, ndipo likapita taratibu.

Mrisho akamtazama binti yake. Kisha akauliza, "Nani alilifundisha lisiamini indiketa?"

"Mimi."

"Kwa nini? Si wewe niliyekupakia kwenye lori utotoni, nikakufundisha adabu ile?"

"Ndiyo, baba. Lakini ukisafiri mimi nilikuwa nabaki na mama. Alikuwa hali mpaka asikie lori lako. Nilitaka gari litakalomrudisha baba wa mtu nyumbani hata kama mwenzake amekosea."

Mrisho alikuwa amedhani mwanawe anaionea haya kazi yake. Akalia pale pale, mbele ya Erick, na hakujificha.

Walipofika Kibaigwa, madereva walikuwa wamekusanyika kwenye maegesho ya malori. Mrisho akasimama kati yao.

"Nilimwagiza kijana wa watu apite," alisema. "Wangenisikiliza, muda huu mngekuwa mnamtafutia mama mmoja sanda, na mtoto wake. Gari lilikataa. Halisinzii, halilewi, halishindani na basi kwa hasira. Mzee wa kijijini Mlali aliyefifia macho litampeleka hospitali bila kumbembeleza mtu."

"Na kazi zetu, Suka?" aliuliza Bartolomayo, makamu wake, mtu asiyemung'unya maneno.

"Sijui, na sitawadanganya. Hilo tutalipigania, na Yusra mwenyewe nitamkalisha hapa awajibu. Ila wenzetu tuliowazika kwenye barabara hii, Bartolomayo, kazi zao walibaki nazo?"

Bartolomayo akainamisha kichwa, kisha akakiinua. "Unasema hivyo kwa sababu ni gari la mwanao."

"Ndiyo!" Mrisho akanguruma. "Ni gari la mwanangu! Alinikatalia mbele ya mwenzake, na kwa kunikatalia kwake nimefika hapa sina damu ya mtu mikononi. Mwenye binti wa kumzidi huyu na amlete!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, kisha ikaitwa kura. Kwa kawaida ya chama chao mwenyekiti hapigi kura. Yusra, aliyesimama nyuma ya umati akiuma kidole, aliona mkono wa kwanza ukienda juu, nao ulikuwa wa baba yake.