Kadi Isiyochorwa

Binti wa fundi redio alikuwa na hamu moja kubwa, na wala haikuwa shahada. Alitaka kumsikia baba yake akimtaja mama. Basi. Tangu walipomzika, mzee alifyata ulimi. Mwulize habari za waya na spika, mtakesha. Mtaje marehemu, ghafla anakumbuka kuna redio ya mtu haijafungwa skrubu, huyoo, kibandani kwake. Binti naye akajifunza kunyamaza. Nyumba ya watu wawili, wote wanamkumbuka mtu yule yule, na hakuna anayethubutu kusema. Jamani, hiyo si adhabu?

Chuoni alikuwa akisomea kubuni skrini za simu na kompyuta, na kuzipima kwa watu watakaozitumia. Ukiona simu inakuzungusha mpaka unatamani kuitupa ukutani, ujue aliyeibuni hakusoma somo hili, au alilisoma huku akisinzia. Muhula ule wanafunzi walipangwa wawili wawili, wabuni simu ya wazee. Kompyuta marufuku kwanza. Mhadhiri wao, mama mmoja asiyecheka na mtu, alitaka kila skrini ichorwe kwenye kadi ya manila. Mtumiaji anabonyeza kadi kwa kidole, na mwanafunzi mmoja anajifanya kompyuta: anaondoa kadi hiyo, anaweka inayofuata.

"Na kompyuta haina mdomo," mhadhiri aliwaonya. "Atakayemsaidia mtumiaji, hata kwa kukohoa, jaribio lake nalifuta."

Wa kusema ni mtumiaji. Alitakiwa aseme kila linalompitia kichwani, la maana na la upuuzi, ili wabunifu wajue anakwama wapi.

Mhadhiri hakutaka majina ya kubuni, kwa hiyo binti alinakili majina kutoka kwenye simu ya baba yake. Shangazi, jirani, muuza vipuri, na hapo katikati, "Mama Watoto". Namba ya mama. Kumbe mzee hakuwa ameifuta! Binti alikaa na penseli mkononi, asijue afanye nini. Mwishowe akajiambia ni kwa ajili ya usahihi tu. Usahihi gani? Mtoto wa watu alikuwa anajidanganya mchana kweupe. Akakichora kitufe cha Mama Watoto kama vingine. Kisha akachora kadi za kufuata, za kila jina, isipokuwa ya mama. Mkono ulikataa.

Siku ya jaribio mzee, ambaye ndiye mtumiaji wao, alifika maabara na shati lililopigwa pasi, bisibisi ikichungulia mfukoni kama kawaida yake. Chapchap, mwanafunzi aliyepangwa na binti, aliyepewa jina hilo kwa kufanya kila kitu mbiombio, ndiye aliyekuwa wa kusoma maagizo na kuandika yatakayotokea. Binti aliketi ng'ambo ya meza, kadi mapajani. Yeye ndiye kompyuta. Mhadhiri alisimama nyuma yao, mikono kifuani.

"Shikamoo, baba," Chapchap alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Simu yenyewe ndiyo hii? Mbona imekonda hivi?"

Wakacheka. Hata mhadhiri nusura acheke.

Chapchap akasoma: "Mpigie mtu wa familia ambaye hamjaongea naye siku nyingi."

Sentensi hiyo aliiandika binti mwenyewe, na alimaanisha shangazi. Lakini angeandika "mpigie shangazi" angekuwa amekitaja kitufe, na kumtajia mtu kitufe ni kumpa majibu ya mtihani. Ndiyo maana akaizungusha. Sasa, kuisikia ikisomwa mbele ya baba yake, moyo ukampiga paa.

"Nifikirie kwa sauti, sivyo?" mzee akauliza.

"Ndiyo, baba. Kila kitu," Chapchap akamjibu.

"Haya. Naona majina. Maandishi makubwa, ahsanteni, maana miwani nimeisahau. Shangazi... aa, huyu juzi tu kanigombeza, siku nyingi gani? Jirani si familia. Hapa..." Kidole kikasimama. "Kumbe mmemweka."

Binti alikumbuka kwamba kompyuta haina mdomo. Alitaka kumwambia, baba, mwache, bonyeza shangazi. Na alitaka mzee aendelee. Akajikaza kisabuni.

Mzee akabonyeza Mama Watoto.

Kompyuta haikuwa na kadi. Chapchap akamkodolea macho mwenzake. Binti akakumbuka walichofundishwa, kwamba mtumiaji akifika pasipochorwa, pachore papo hapo. Akachukua kadi tupu, akaandika, "Inaita...", na chini yake kitufe chekundu cha kukata. Akaiweka mezani.

"Inaita," mzee akasoma, akaiinamia. "Nawaza yuko jikoni, mikono ina unga. Hapokei haraka huyu. Na akipokea ataanza, 'Wewe, redio zimekuoa?'" Akacheka kidogo, peke yake. "Nawaza nimwambie mtoto amefika chuo. Nimwambie nimemkumbuka. Mtoto naye kamkumbuka, namwona, sema namwogopa. Nikimtaja mama yake nitamliza. Basi nyumba nzima kimya. Mimi fundi redio, halafu nyumba kimya!"

Machozi yalimtiririka binti, lakini mdomo hakuufungua.

"Baba," Chapchap akasema taratibu, safari hii bila haraka yoyote, onyo la mhadhiri limemtoka, "kama umekosea kitufe, unaweza kurudi nyuma."

"Sikukosea."

Chapchap akaweka kalamu chini. Binti akashindwa. Jaribio lifutwe tu, liwalo na liwe.

"Baba," kompyuta ikasema, "nikate?"

Mhadhiri alikuwa ameshageukia dirisha, kana kwamba hakusikia kitu.

"Usikate, mwanangu. Iache iite kidogo."

Binti akabeba kiti chake, akazunguka meza, akaketi upande wa baba yake, wakaitazama ile kadi pamoja.