Mkono wa Kushoto Juu ya Kabati

Mkono ule uliingia nyumbani kwetu Sironga ndani ya begi la binti yangu, katikati ya sweta mbili, alipofunga chuo kwa likizo ndefu. Ulikuwa mkono wa mtu, mifupa mitupu ya rangi ya chai iliyolala, kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha za vidole. Mifupa mirefu miwili ilifungwa pamoja kwa kamba. Ya vidole ilikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa cha marekani alichonunua kwa Mhindi mjini Kisii na kuushona mwenyewe. Ile midogo minane ya kifundo cha mkono ilikaa peke yake ndani ya mkebe wa mafuta ya kujipaka.

Mifupa hiyo ilikuwa ya darasa zima la utabibu. Waliomaliza chuo waliwaachia waliofuata, na wakati wa likizo waligawana ili kila mmoja akasome kwao. Mmoja alikwenda na mguu, mwingine na mbavu. Rafiki yake aliyelala naye chumba kimoja, msichana wa Kitui, alichukua fuvu. Wangu akapata mkono wa kushoto.

"Mama, usipige kelele," aliniambia asubuhi ile kabla hajafungua mfuko. "Hiki ni kitabu tu. Kitabu kigumu kidogo."

Sikupiga kelele. Aliyeuliza maswali ni mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Magokoro, yaani nyanya. Mume wangu alifariki binti yetu akiwa bado anabebwa mgongoni, kwa hiyo tulikuwa wanawake watatu tu katika boma lile. Magokoro alisimama mlangoni pa chumba akaiangalia mifupa ikitandazwa juu ya kitanda.

"Huyu ni mtu wa wapi?"

"Hatujui, Magokoro. Tulimkuta chuoni."

"Ana watu wake?"

"Walikuwapo. Sasa ana sisi."

Magokoro alifikiri. Kisha akasogea karibu, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayekutana na mgeni njiani. "Bwakire," akausalimu, salamu yetu ya asubuhi.

Binti yangu akajibu kwa sauti nzito ya mzee mwenye kifua: "Mbuya mono," yaani njema sana.

Magokoro alimchapa begani kwa ncha ya kanga, akacheka mpaka akakohoa. Toka siku hiyo ikawa desturi. Kila asubuhi Magokoro alipita mlangoni, akausalimu mkono, na binti yangu, hata akiwa bado ndani ya blanketi, akaitikia kwa sauti ya yule mzee.

Mimi niliishia darasa la nane, na sitasema nilielewa alichokuwa akisoma. Niliyasikia majina, marefu kama majina ya wafalme wa Biblia, akiyarudia huku akipepeta wimbi. Lakini alinihitaji. Alisema mfupa mkavu hauwezi kukuonyesha ulipokaa, na mwalimu wao alikuwa amewaambia kwamba mfupa ambao hujaupata chini ya ngozi ya mtu aliye hai, hujausoma. Magokoro alikataa kushikwashikwa. Kwa hiyo ukawa mkono wangu.

Nilikuwa nikichambua mboga za chinsaga, naye ananishika mkono wa kushoto, mimi nachambua kwa wa kulia. Alibonyeza, akafumba macho, akataja jina, akafungua macho kuangalia kitabu. Akipatia, alichora kiduara kwa kalamu juu ya ngozi yangu.

"Acha kutikisika, Mama."

"Unanitekenya."

"Hata wale wa mochari wanatulia kuliko wewe."

Tulicheka sote wawili. Nakumbuka tulicheka.

Nikienda kituoni kupimisha majani ya chai, viduara vile vilionekana chini ya mkono wa sweta, na wanawake wa foleni hawakuniachia.

"Hiyo ni ramani ya kwenda kwa nani, mama? Na wewe mjane!"

"Ya kwenda kwako kudai kikapu changu," niliwajibu.

Kulikuwa na mfupa mmoja alioupenda kuliko yote. Uko pale kiganja kinapoanzia, upande wa kidole cha mwisho. Ni mdogo kama punje ya njegere. Alinionyesha ule wa ndani ya mkebe, kisha akanionyesha wangu. Ukikaza mkono, umetulia. Ukilegeza, unaweza kuushika kwa vidole viwili ukausukuma huku na huku, nao unakwenda. Nilikuwa nimeishi na mkono huo miaka yote, nimelima nao na kumlea nao, na sikujua kwamba kuna kitu ndani yake kinachotembea.

"Wengi huusahau huu," aliniambia. "Mimi siwezi. Nitaushika kwako kwanza, halafu nitaingia mtihani."

Kichwa kilimuuma akiwa bado nyumbani, likizo ikielekea mwisho. Tulidhani ni jua la shambani. Kesho yake shingo ilikataa kuinama, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba anajua ni nini na tusichelewe. Hatukuchelewa. Hospitalini Kisii walisema ni homa ya uti wa mgongo, wakafanya walichoweza. Aliondoka alfajiri, mimi nikiwa nimekwenda kumtafutia uji.

Kwetu wanawake wa ukoo ndio wanaomvalisha marehemu. Tuliingia, tukamvalisha gauni la kanisani, na ilipofika zamu ya mikono niliwaomba waniachie wa kushoto. Niliutafuta ule mfupa mdogo. Niliupata mara moja, pale pale aliponifundisha. Nikajaribu kuusogeza kwa vidole viwili, polepole, kama yeye alivyofanya kwangu. Haukusogea. Baridi ilikuwa imeshaushika mkono wote. Shemeji yangu aliniuliza natafuta nini, nikasema nafunga kifungo.

Msichana ambaye hajaolewa hazikwi mbele ya nyumba. Alilazwa pembeni, penye migomba, mahali ambapo ukichuma chai huwezi kukosa kupaona. Watu walikuja, wakaimba, wakala, wakarudi makwao.

Mkono ukabaki juu ya kabati, ndani ya mfuko wake.

Asubuhi ya kwanza tulipokuwa peke yetu, Magokoro alipita mlangoni kama kawaida. Nilikuwa jikoni. Nilimsikia akisema, "Bwakire," na baada ya hapo nikasikia kimya. Alisimama pale muda mrefu akingoja. Na mimi, mkono wangu ukiwa juu ya kifuniko cha sufuria, nilikuwa nangoja pia. Hakurudia salamu. Lakini siku iliyofuata alisalimu tena, na iliyofuata, na kila mara nilijikuta nimenyamaza nisikilize. Mimi hakunisalimu. Hatukuwa tumegombana. Alipita jikoni akachukua chai yake akaenda kukaa juani.

Mchana akiwa nje, niliushusha mfuko. Niliipanga mifupa kitandani nilivyokumbuka, na nadhani niliipanga vibaya, kwa sababu vidole havikulingana. Nililaza mkono wangu juu yake. Mwanzoni ilikuwa baridi, kisha ilipata joto langu, na ikishapata joto ilikuwa rahisi kusahau ya nani. Mtu yule alikuwa mgeni kwangu. Lakini vidole vya mwisho vilivyoishika mifupa ile kwa upendo vilikuwa vya binti yangu, na sikuwa na kitu kingine ambacho alikuwa amekishika sana hivyo.

Wakati mwingine, nikiwa jikoni, nilisikia mkebe ukicheza. Alikuwa na tabia ya kuutikisa akifikiri, mifupa midogo ikalia kama njugu. Nilikwenda kuangalia, nikakuta mkebe umetulia juu ya kabati. Mara moja tu nilikutana na Magokoro akitoka humo chumbani, akapita bila kuniangalia. Sisemi kulikuwa na mtu. Nasema nilisikia.

Ni Magokoro aliyelifungua jambo hilo.

"Wako umemlaza," aliniambia. "Huyu wa watu umemweka juu ya kabati kama sufuria. Mpe udongo."

"Si wangu nimzike. Ni wa chuo."

"Basi mrudishe chuo."

Nilichosema kilikuwa kweli, lakini nusu tu ya kweli. Sikutaka kumzika wala kumrudisha. Nilitaka akae pale.

Yule msichana wa Kitui alikuwa amekwisha kunipigia simu. Alinipa pole, akalia kidogo, kisha akasema kwa aibu kwamba mtihani wa kusimama mbele ya walimu na kutaja mifupa umekaribia, na waliobaki na sehemu nyingine wamezirudisha. Mkono wa kushoto ndio haupo. Yeye alikuwa ameanguka mtihani huo mara ya kwanza, na akianguka tena atarudi kwao. Nilimwambia aje mwenyewe auchukue. Nilijua ni safari, na nilitumaini hatakuja.

Alikuja Jumapili, na viatu vyenye matope ya kwetu, amebeba mkate na sukari. Hakujua Kigusii, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, hata Magokoro, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni.

"Wewe ndio ile rafiki yake ya kulala chumba moja?"

"Ndiyo, nyanya."

"Alisema wewe unakoroma."

Msichana aliinamisha uso, akacheka na kulia kwa pamoja. "Yeye ndiye alikuwa anakoroma, nyanya."

Niliushusha mfuko. Alitandaza kitambaa mezani, akaipanga mifupa haraka, kwa mikono iliyozoea, na ule mkono ukawa mkono tena kwa mara ya kwanza tangu likizo. Moyo wangu uliuma kuona jinsi ilivyokuwa rahisi. Kisha akafungua mkebe. Akahesabu. Akautikisa, akauinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akaniangalia.

"Mama, kuna mmoja haupo. Ule mdogo kabisa."

Nilipiga magoti nikaanza kuangalia chini ya kabati. Magokoro hakuondoka kwenye kiti chake.

"Hiyo iko kwa mtoto," akasema.

"Mtoto gani, nyanya?"

"Mtoto yetu. Pale kwa ndizi. Mimi nilimpatia mchanga. Mtu hawezi tembea tembea bila kuwa na mahali yake. Hiyo kidogo inatosha. Sasa hiyo ingine inaweza enda na nyinyi, hata miaka ngapi. Iko na mahali. Na iko na mtu wa kukaa na yeye."

Kwa hiyo mara ile moja nilipomkuta akitoka chumbani, mkebe ulipolia haikuwa masikio yangu tu. Zile nyingine sijui.

Msichana alikaa. "Siwezi kukasirika, nyanya," alisema polepole. "Lakini huo ndio wanaopenda kuuliza. Na mimi ndio huwa nausahau. Yeye ndiye alikuwa ananikumbusha."

Nilifikiria jembe. Udongo ulikuwa bado laini. Magokoro alinitazama, akanigeukia kwa lugha yetu: "Kaburi halifukuliwi. Usifikirie hata."

Nikamwangalia yule mtoto wa watu, na mkono uliotandazwa mezani, na nikajua kwamba nikimwambia arudi siku nyingine kuuchukua, nitasema hivyo kila siku. Nikavuta kiti. Nikapandisha mkono wa sweta.

"Njoo hapa," nikamwambia. "Shika."

Vidole vyake vilikuwa na baridi, na vilianza juu mno.

"Shuka," nikamwambia. "Upande wa kidole cha mwisho. Hapo kiganja kinapoanzia. Bonyeza, sitaumia."

"Legeza mkono, Mama."

Nikalegeza. Alifumba macho. Nilimwona akitafuta, midomo ikitembea bila sauti, kama binti yangu alivyofanya mezani pale pale. Kisha akaupata, akaushika kwa vidole viwili, akausukuma.

"Unasogea," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Unasogea."

Aliurudia mara nyingi, akiacha na kuanza upya, akitaja jina lake kila mara mpaka Magokoro naye akalitaja, vibaya, nasi tukacheka. Kabla ya kuondoka aliomba kalamu, akachora kiduara. Akafunga mifupa mirefu kwa kamba yake, akafunga mfuko, akauweka begini katikati ya sweta. Mimi ndiye niliyefunga zipu. Nilitaka iwe mimi.

Kile kiduara niliamua nisikioshe. Lakini kesho yake kulikuwa na kuchuma, na umande wa chai ulikifuta kabla ya kikapu kujaa. Sijui kama yule msichana aliulizwa kuhusu mfupa ule. Alituma ujumbe mfupi kwamba amepita, nami sikumuuliza zaidi.

Bado nasikia mkebe, siku nyingine, ingawa haupo tena nyumbani. Siendi kuangalia.

Asubuhi ile baada ya msichana kuondoka, Magokoro alipita mlangoni pa chumba kama desturi. Nilimsikia akisimama. Hakusalimu. Nyayo zake zikaja mpaka jikoni, akasimama nyuma yangu, nami nikainua mkono kutoka kwenye kifuniko cha sufuria.

"Bwakire," akaniambia.

Sauti yangu ilitoka nzito, haikuwa kama yangu.

"Mbuya mono," nikamwitikia.