Pindo Nililolipima Pembeni

Mama mkwe wangu alitumia msimu mzima wa mvua kuunga blanketi la viraka, akivikata kutoka kwenye mashati ya marehemu baba mkwe. Alipomaliza aliniita nipande kwake Suji, kule milimani, nikamtilie pindo, kwa kuwa mimi ni fundi cherehani pale Same na macho yake yalikuwa yameanza kumchosha.

Nilimkuta na wanawake watatu wa kanisani kwake wakichambua maharage. Nikatandaza kazi yake mezani, nikachukua futi.

"Pima katikati, mwanangu," alisema. "Pembeni pameshikwashikwa, pamelegea."

"Mama, hii ndiyo kazi yangu."

Nikapima pembeni, nikakata vipande vinne vya kitambaa cha bluu, nikashona. Nilipolitandaza, pindo likasimama mawimbi mawimbi. Wale wanawake waliacha kuchambua, wakanitazama.

"Tatizo ni viraka, mama," nikasema, wote wasikie. "Havikukatwa sawa."

Aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mwanangu. Nimekupotezea siku."

Alipoingia jikoni kuleta chai, nilipitisha futi katikati. Katikati palipungua vidole vinne kuliko pembeni. Nilikunja futi, nikanywa chai yake, nikashuka Same.

Wiki mbili baadaye nilirudi. Alikuwa dirishani na wembe, anafumua viraka mstari kwa mstari ili avisawazishe. Mashati yalikuwa yamechakaa. Mengine yalichanika kwenye mshono. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kufumua.

"Mama, acha. Viraka vyako vilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyepima vibaya."

"Umejua lini?"

"Siku ileile. Kabla ya chai."

Aliweka wembe chini.

"Mbele ya wenzangu ulinisema," alisema. "Basi kawaambie na wao."

Jumapili baada ya ibada niliwaambia. Mmoja alicheka, wengine walisema hata hawakumbuki. Mama mkwe alikuwa kando akifunga kitenge chake, hakunitazama.

Nilishona upya viraka vyote alivyovifumua, nikapima katikati, pindo likalala vizuri. Ila viraka viwili vya shati la harusi yao havikufaa tena. Pale aliweka kipande cha kanga yake.

Blanketi hilo anajifunika kila siku, na nikienda ananipokea vizuri. Lakini nguo zake siku hizi anazipeleka kwa fundi wa Myamba. Sijathubutu kumuuliza.