Tope la Mama Zuhura

Wiki iliyopita, pale Kariakoo, nilisimama kutazama nyumba ya zamani ya udongo ikibomolewa kupisha ghorofa. Chokaa ilipodondoka, miti ya mikoko ilitokeza ukutani, na harufu ya udongo ikanirudisha utotoni.

Mchana mmoja nilitoka madrasa nikakuta Bibi amebandua udongo wote wa ukuta wa mbele. Nilidhani nyumba yetu inavunjwa. Mara wakaja wanawake wa mtaani, mmoja wao Mama Zuhura, jirani aliyekuwa akinuniana na Bibi kwa sababu ya foleni ya maji. Akachota tope kwa mikono miwili, akalirusha ukutani. Pwaa! Nikajua amekuja kulipiza kisasi. Nilikimbia nikauegemea ukuta, mikono nimeitanua.

"Usiipige nyumba yetu!"

"Toka hapo, mjukuu wangu, nisije nikakukandika na wewe!" alisema, na wanawake wote wakacheka.

Bibi alitoka na birika la chai ya tangawizi. Akautazama ukuta, kisha akamtazama Mama Zuhura.

"Shoga, hapo pembeni hujapajaza."

"Nipe chai kwanza."

Sikujua kwamba nyumba ya udongo hukandikwa upya kila inapochakaa, wala kwamba jirani akishashika tope lako, ugomvi umekwisha.

Pale Kariakoo wiki iliyopita, bonge moja la udongo liliangukia karibu na miguu yangu, bado lina alama za vidole. Hazikuwa za Mama Zuhura, maana nyumba yetu ilikuwa mtaa wa pili. Hata hivyo, nilimshukuru yeye.