Vijiwe vya Mtongwe

Mpaka leo nikiona ua la okidi damu inanichemka. Ua lenyewe halina kosa. Kosa ni la mwanamke wa Kizungu, mke wa ofisa mmoja wa bandari, aliyekuwa akivuka feri kila Jumanne kuja Likoni kutufundisha wanawake mambo ya nyumba, kana kwamba kabla yake tulikuwa tukilala juu ya miti.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Alikuwa ameshatufundisha kudarizi vitambaa vya meza, na wengi wetu meza hatuna. Kisha akazua jipya: mabibi wenzake wangekuja kututazama, na mbele yao tutengeneze pambo la maua la kiangazi. Kiangazi! Msimu ambao visima vyetu huwa chumvi tupu na watu hugombania ndoo, yeye alitaka kuupamba.

Na nani wa kutufundisha sisi maua? Asumini tulitunga, vikuba tulivaa, kitanda cha bibi harusi tulikitandazia mawaridi. Lakini asumini aliikataa, eti hunyauka upesi. Alitaka okidi za bustanini kwake, nyasi ndefu zilizokauka, na vijiwe vyeupe vya kujaza sinia. Nyasi aliniagiza mimi. Nikazikata kondeni kwetu Mtongwe, nikaja nazo siku ya wageni.

Vijiwe alivileta mwenyewe, kikapu kizima. Nilimkuta ameshasimamisha okidi, anavimimina kuzizunguka. Vilikuwa laini, vyeupe pe, na katikati yake mna majani makavu ya mrehani.

"Umevitoa wapi?" nikamuuliza.

"Mtongwe!" akasema kwa furaha. "Karibu na njia. Iko mingi sana, nakaa bure tu."

Bure! Pale karibu na njia ni makaburini. Kwetu kaburi hufunikwa vijiwe vya pwani, likapandwa mrehani. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka ule ule. Wanaume ndio waliomzika. Sisi watoto wa kike hatuendi maziarani. Tuliloweza ni kuokota vijiwe maji yakipwa, kuviosha kwa maji matamu ya kisima na kumpa kaka akavipange. Huo ndio mkono wetu pekee katika kaburi lile, na sasa ulikuwa chini ya okidi.

"Hivi ni vya makaburi," nikasema. "Vya mama yangu!"

Mwalimu hakunielewa, maana nilisema mbio. Akamgeukia mkalimani wetu, mama mmoja wa Bofu aliyesoma kidogo. Yule mama akanishika mkono.

"Nyamaa, mwanangu. Wageni wako mlangoni. Yatasemwa kesho, inshallah."

Kisha akamwambia mwalimu kwa Kiingereza, na Kiingereza kidogo nilikijua, kwamba nimeyapenda maua mno.

Mwalimu akanishukuru. Nikawatazama wenzangu. Kila mmoja alikuwa ameyaona yale majani ya mrehani, na kila mmoja alikuwa akichezea pindo la leso yake. Wallahi, hapo ndipo hasira ilipozidi. Yule Mzungu hakujua. Wao walijua, na waliogopa kufungiwa darasa la kudarizi!

Nililipindua sinia. Okidi zikaanguka chini, mwalimu akapiga ukelele, mabibi wenzake wakasimama mlangoni vinywa wazi. Nikavikusanya vijiwe vyote ndani ya buibui langu, mpaka vilivyoviringika chini ya viti, na hakuna aliyeinama kunisaidia.

Nilikwenda moja kwa moja maziarani. Aliyetaka kunikataza na anikataze. Kaka alinikuta nimesimama na mzigo wangu, nalia kwa ghadhabu. Nilikuwa nimedhani ni kaburi la mama peke yake. Kumbe yule Mzungu alikuwa amezoa huku na huku, na safu nzima ilikuwa imebaki udongo mtupu: la jirani yetu, la kitoto cha watu, la mzee nisiyemjua. Nikavimwaga chini, nikachambua, nikachambua. Vyote vyeupe, vyote laini. Sikukijua hata kimoja nilichokiosha kwa mkono wangu.

"Tuvigawe tu, dada," akasema kaka.

Tukavigawa. Mama akafunikwa vya watu, na watu wakafunikwa vya mama.